Nani Ampishe Nani Msituni?

Mwezi uliopita niliitwa kwenye kikao katika ofisi ya kijiji chetu, huku milimani Lushoto, nikaambiwa nije na baiskeli yangu. Nilidhani wazee wanataka kuitazama. Kumbe nilitakiwa niwe shahidi. Vijana sita wanaoongoza wageni msituni walikuwa wameleta mpango wa kununua baiskeli kumi za umeme za kukodisha watalii, pamoja na ramani waliyoichora kwa mkono, yenye mistari mitatu ya wino mwekundu iliyokatiza Msitu wa Magamba. Msemaji wao, ambaye baba yake nilimfundisha ualimu, alinigeukia mbele ya watu wote akasema, "Babu, hapa kijijini ni wewe peke yako mwenye baiskeli hii. Waambie wazee kwamba inapita popote."

Nikasimama nikasema kwamba ni kweli, inapita popote, na kwa sababu hiyo hiyo mistari miwili kati ya ile mitatu ifutwe. Kikao kikachafuka. Kila nilipofungua kinywa mtu alinikata kauli, jambo ambalo halikunipata katika miaka kumi na mmoja niliyokuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Hoja sikuimaliza siku ile. Naimalizia hapa, ambapo hakuna wa kunikatiza.

Kwanza msomaji aijue baiskeli yenyewe. Alininunulia binti yangu anayeishi kusini mwa Ujerumani, mwaka 2022. Betri kubwa kama ile hairuhusiwi kupanda ndege ya abiria, kwa hiyo ilikuja kwa meli, nami nikaingoja kama bwana harusi anayengoja siku. Mota yake ina nguvu ya wati 250 na imefichwa pale pedali zinapokutana. Haina mkono wa kuongezea mafuta kama pikipiki. Usipokanyaga pedali, haikusaidii chochote. Ukifikia mwendo wa kilomita 25 kwa saa, inakuachia kazi yote uifanye mwenyewe. Ndivyo kanuni za Ulaya zinavyotaka. Sauti yake ni ndogo kuliko ya cherehani, na neno hili naomba msomaji alikumbuke, maana nitalirudia kwa huzuni.

Kabla ya hapo nilikuwa nimekaa miaka tisa bila kuingia Magamba. Goti langu la kulia lilikuwa limekataa milima, na katika nchi yetu hii mtu aliyekataliwa na milima hana pa kwenda ila barazani. Siku ya kwanza nilipofika juu kwa baiskeli, ukungu ulikuwa bado umelala kwenye mikulo, na mbega walikuwa wakirukaruka juu ya kichwa changu bila kujali nimefikaje. Nilikaa kitako juu ya gogo kwa muda wa nusu saa. Zaidi ya hapo sitasema.

Basi sina subira na mzee mwenzangu aliyesema kikaoni kwamba kila chenye mota ni pikipiki, na pikipiki zisiingie msituni, yamekwisha. Hiyo ni hoja ya mtu asiyetaka kutazama. Pikipiki huchimba udongo kwa tairi la nyuma na kelele zake zasikika ng'ambo ya bonde. Baiskeli yangu haitoi moshi, wala haiwezi kubeba mbao za wizi. Ukiifukuza, hujamfukuza mharibifu. Umewafukuza wazee wenye magoti mabovu. Nilimwambia hivyo, akanuna, na hadi leo tunasalimiana kwa kichwa tu.

Lakini ugomvi wangu mkubwa si naye. Ni na hao wasemao "inapita popote", na mmoja wao nilikuwa mimi mwenyewe.

Ipo njia ya miguu inayoshuka kutoka ukingo wa msitu hadi bondeni. Upana wake ni wa mtu mmoja na mzigo wake. Kabla ya baiskeli hii kuja, hakuna mtu mwenye akili aliyepandisha baiskeli pale. Wenye Phoenix na Swala zao waliikwepa, maana wangelazimika kuzisukuma hadi kileleni huku ulimi u nje. Mimi niliipanda asubuhi moja ya Novemba 2023, mvua za vuli zikiwa zimekolea, na nilifika juu bila kutweta. Hapo ndipo kichwa kilipovimba. Nilijiona nimeishinda njia, na aliyeishinda njia, nilidhani, anaweza kuishuka apendavyo.

Nilishuka. Kwenye kona ya tatu alikuwapo mama mmoja wa makamo na mzigo wa kuni kichwani. Nilibana breki zote mbili, matairi yakateleza juu ya majani mabichi. Yeye aliruka upande wa bonde. Kuni zikatawanyika, naye akaanguka juu ya mkono wake wa kulia, ukavunjika kifundo. Mimi sikupata hata mchubuko.

Nililipa gharama za hospitali. Nilitafuta vibarua wakamlimia maharage yake, kwa kuwa msimu ulikuwa haungoji mkono upone. Nilikwenda kwake na wazee wawili kuomba radhi, akanipokea vizuri, akanipa kiti na chai. Hakunilaumu. Alisema jambo moja tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi: "Sasa Mwalimu, mimi ningekusikiaje?"

Sikuwa na jibu. Niliporudi nyumbani nilifanya walichofanya wanachuo wangu wote walipokuwa hawana jibu: nilichukua karatasi nikapiga hesabu. Kilomita 25 kwa saa ni kama mita 7 kwa sekunde. Mtu wa umri wangu, tangu jicho lione hadi vidole vibane breki, hutumia sekunde moja na nusu au karibu na hapo. Tayari mita 10 zimekwisha. Kwenye udongo mwekundu uliolowa, nikikadiria msuguano kuwa 0.3, baiskeli hudai mita 8 zaidi ndipo isimame. Jumla mita 18, na mteremko sijauhesabu. Kesho yake nilikwenda na futi ya fundi kwenye ile kona. Mwendeshaji anayeshuka humwona anayepanda wakiwa wameachana kwa mita 7. Ili nisimame ndani ya mita 7 ilinipasa kushuka kwa kilomita 10 kwa saa, au pungufu, na huku natazama mbele badala ya kutazama mbega.

Nikapiga hesabu ya pili. Kunyanyua kilo 100, yaani mimi, baiskeli na mkoba, kwa mita 100 kwenda juu, hudai kama wati-saa 27. Betri yangu ina wati-saa 500. Hata ukitoa kinachopotea kwa joto, na hata ukisahau kwamba miguu yangu nayo inachangia, betri hiyo yaweza kunipandisha njia ile mara kadhaa kwa siku moja. Na hapa ndipo lilipo jambo ambalo vijana wetu hawajaliona. Zamani mlinzi wa njia nyembamba alikuwa ni paja la mwendeshaji mwenyewe. Mlima mkali ulimkataa, akageukia barabara. Hakuna aliyehitaji kibao wala mgambo. Mota imemwondoa mlinzi huyo, na hajawekwa mwingine mahali pake. Sasa kukataa kunapaswa kutoka kichwani mwa mwendeshaji, na kichwa changu, chenye mvi na cheti cha ualimu, kilishindwa kazi hiyo asubuhi moja tu. Je, cha mtalii mwenye miaka ishirini na mitano itakuwaje?

Sasa turudi kwenye ramani ya vijana. Mstari wa kwanza unafuata barabara ya zamani ya kutolea magogo. Lori lilipita pale. Kwa hiyo ni pana, imepinda polepole, wala haina mwinuko wa kumvunja mtu moyo, kwa kuwa iliwekwa kwa ajili ya magari yaliyoelemewa. Unamwona mtu akiwa mbali, mnapungiana mikono, mnapishana. Mstari huo naukubali kwa mikono miwili. Mstari wa pili ndiyo njia ile ya kuni. Wa tatu ni njia ya mkato ya watoto wa shule kandokando ya msitu, na asubuhi watoto wanapopita, ukungu hufunga hata usione mkono wako mwenyewe.

Niliuliza kwa nini wameichagua hiyo miwili. Wakasema wageni hawataki barabara ya lori, wanataka njia ya kusisimua. Nikawauliza, inamsisimua nani? Yule mama wa kuni ilimsisimua hadi akavunjika mkono.

Hoja yao ya ajira siidharau. Nawajua vijana hawa. Wawili kati yao wana vyeti vya ualimu na hawajaajiriwa, na mimi niliyewaingiza wengi katika kazi hiyo siwezi kuwatazama machoni nikiwaambia wangoje. Wakodishe baiskeli, wapate riziki, wajenge. Lakini mgeni anayetaka njia nyembamba anayo miguu. Atembee na kiongozi, ajionee vinyonga wenye pembe. Watakaomwongoza kwa miguu ni vijana hao hao, na fedha ni zile zile.

Halafu kuna mvua. Nyayo za watu hukanyaga njia kwa madoadoa, bali gurudumu huchora mstari mmoja usiokatika kutoka juu hadi chini, na maji ya masika hayangoji kuonyeshwa mara mbili. Mwenye shamba chini ya njia ya kuni anaweza kueleza jambo hili vizuri kuliko mimi. Hakuitwa kwenye kikao.

Nilipendekeza kipimo kilicho wazi, kisichohitaji msomi: baiskeli isipite mahali ambapo njia haina upana wa mita 2. Sikukitunga mimi. Katika jimbo la Baden-Württemberg, anakoishi binti yangu, sheria ya misitu inakataza baiskeli kwenye njia zenye upana chini ya mita 2, na baiskeli ya umeme kama yangu imo katika sheria hiyo hiyo. Wapanda baiskeli wa kule wameilalamikia kwa miaka mingi, wakisema majirani zao wa jimbo la Bavaria hawapimiwi njia kwa futi. Walalamike. Hapo mtu mmoja akapaza sauti kikaoni, "Mwalimu anaturudishia sheria za Wajerumani!" Watu wakacheka, nami nikacheka, maana alinipata. Ni kweli kwamba Wajerumani wa zamani hawakumwuliza mtu wa hapa walipoteremsha magogo ya Shume hadi Mkumbara kwa kamba za waya. Lakini mita 2 haina kabila. Ni upana wa mtu mwenye mzigo na mtu mwenye baiskeli wakipishana bila mmoja wao kuingia kwenye miiba.

Jibu walilonipa ndilo lililonifanya niandike kurasa hizi. Walisema hakuna haja ya kufuta mistari. Akina mama wapangiwe siku zao za kuni, baiskeli ziwe na siku zake, na watoto wa shule waambiwe wapite barabarani. Walisema haya kwa upole, kama watu waliopata ufumbuzi, na wazee kadhaa wakatikisa kichwa kukubali. Katika kikao kile palikuwa na wanawake watatu, wamekaa nyuma karibu na mlango, na hakuna aliyewauliza.

Yaani njia iliyochimbwa na visigino vya mama zetu, tangu kabla baba zetu hawajaiona baiskeli, sasa iwekewe ratiba na mgeni wa saa mbili! Mtoto wa darasa la pili azunguke mwendo mrefu, ili mtu mzima aliyekuja kwa ndege apate mahali pa kuchezea kona! Na haya yanasemwa na watoto wa akina mama hao hao, waliopikiwa kwa kuni zilizopita njia hiyo hiyo. Nimesimamia mitihani maisha yangu yote, na sijawahi kuona jibu lililoandikwa kwa mwandiko mzuri hivi likiwa limekosea swali kabisa. Walichoulizwa ni baiskeli ipite wapi. Wao wamejibu watu waondoke wapi.

Kikao kiliahirishwa bila uamuzi, nasi tutakutana tena baada ya mavuno ya viazi. Nimewaambia wenye kikao kwamba safari hii nitakuja bila baiskeli, bali nitakuja na futi, na kwamba yule mama wa kuni aitwe akae mbele.

Mimi bado naendesha. Kila Alhamisi, kukiwa hakuna mvua, napanda barabara ya magogo hadi kwenye lile gogo langu, kisha narudi. Kuna kipande kifupi cha barabara hiyo, kama hatua mia moja, ambapo njia ya kuni huingia kabla ya kuachana nayo tena, na hapo hukutana na yule mama mara kwa mara. Mkono umepona, ingawa hawezi kuuzungusha vizuri anapojitwisha. Nikimwona huteremka nikiwa bado mbali, nikaisukuma baiskeli kwa mguu kama mtu mwingine yeyote, nikikaa upande wa bonde. Barabara pale ina upana wa kutosha watu wanne. Hata hivyo, akisikia kengele yangu tu, hutoka njiani na mzigo wake kichwani, akaingia kwenye magugu, akasimama humo hadi nipite. "Shikamoo Mwalimu," husema kutoka humo ndani.