Renault 5 Isiyo na Kiti cha Nyuma
Mwaka 1972 Wafaransa walipata Renault 5, gari dogo la watu wa kadiri, lenye injini mbele na mlango wa nyuma wa kupakilia vikapu vya sokoni, wala hapakuwa na dalili kwamba umbo lile la unyenyekevu lingeweza kusitiri ujabari. Lakini ilipofika 1980, kiwanda kikitamani fahari ya mashindano ya rali, ambayo kanuni zake ziliamrisha yaundwe magari 400 ya namna moja kwanza, mafundi wake wa mjini Dieppe walikiondoa kiti cha nyuma, wakaiweka injini pahala pake, kisogoni mwa dereva, wakaifungia chombo cha kuisindilia hewa, ndicho kilicholipa gari jina la Turbo, na kazi ya kulisukuma, iliyokuwa ya magurudumu ya mbele, wakaikabidhi ya nyuma. Injini yenyewe, ajabu ilioje, ilikuwa ya lita 1.4 tu, nayo ilitoa nguvu za farasi 160. Madigadi ya nyuma yalitanuliwa kupita kiasi, yakatobolewa matundu ya kuvuta hewa, hata mwenye kulitazama kwa mbele hudhani ni lile lile la jirani yake, na akizunguka ubavuni hustaajabu. Januari 1981 dereva Jean Ragnotti alishinda nalo rali ya Monte Carlo. Mwaka 1983 ikaja Turbo 2, ya bei nafuu zaidi, paa na milango ya aluminiamu ikibadilishwa kwa chuma. Nami, lau ningehiarishwa, ningelichagua la kwanza bila kusita.