Ulozi: wanaouliza ni wengi, wanaosikiliza ni wachache

Sisi watu wa Kasongo na Kabambare tumezoea kuulizwa juu ya ulozi. Anafika mtafiti toka Ulaya ao toka Kinshasa, anafika mwanafunzi anayetafuta memware yake, anafika mtu wa projé na karatasi ya maswali. Wote wanauliza neno moja: « Hapa munaamini wachawi? » Mzee anajibu ndiyo, jibu linaandikwa ndani ya kaye, na mgeni anarudia kwao. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa habari hii mwenyeji hajapona bado. Tunasema wazi: swali lenyewe ni baya, na wasomi wa hapa wasikubali kulirudilia.

Tuanze na maneno. Kifaransa kinatupa neno moja tu, sorcellerie, na ndani yake wanatia kila kitu. Lakini kwetu mulozi ni yule anayesemwa kwamba anadhuru watu kwa siri, kwa moyo mubaya. Mfumu ni yule wanayemwendea ili atazame na kutaja. Mganga wa miti anajua majani ya homa na ya tumbo. Mwalimu wa Kurani anaandika kombe. Na mwenye kutia sumu ndani ya pombe, huyo ni muuaji tu, hana maajabu yoyote. Mtafiti anayewafunga wote ndani ya mzigo mmoja amepoteza kazi yake mbele ya kuianza.

Kosa la namna hii si mchezo. Jirani zetu Warega wa Pangi walikuwa na Bwami, chama cha kupanda ngazi kwa ngazi katika hekima na tabia njema. Serikali ya Wabelgiji ilikikataza mwaka 1948, ikikiona kama chama cha siri chenye hatari. Miaka ya 1950 Mbelgiji mwingine, Daniel Biebuyck, alikwenda kwao, akasikiliza mithali zao nyingi na kujifunza maana ya sanamu zao. Kitabu chake juu ya Warega kilitoka mwaka 1973, na kilionyesha kwamba kile walichokiogopa wakubwa wa serikali kilikuwa shule. Lakini sanamu nyingi zilikuwa zimekwisha kwenda Ulaya na Marekani.

Swali jema liko, tena ni la zamani. Mwingereza Evans-Pritchard alikaa karibu miezi 20 kwa Waazande, kati ya 1926 na 1930, upande wa Sudani. Ndugu zao wako hapa kwetu Uele. Alisikia habari ya ghala iliyoanguka juu ya watu waliokaa chini yake kivulini. Waazande walijua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Walichouliza ni hiki: sababu gani imeanguka saa ile, juu ya watu wale? Naye akafuata jibu lao mpaka mwisho, akaona kwamba anayetajwa ni jirani, mtu wenye kuwa na wivu ao ugomvi. Mtu wa mbali hatajwi.

Hiyo njo kazi inayotungojea hapa. Mtoto anakufa na homa, na nani anatajwa? Mara nyingi ni mjane, ni mama mzee asiye na mtoto wa kumtetea, ni yatima anayekula kwa watu. Akikimbia, shamba lake linabaki kwa nani? Hakuna karatasi ya maswali inayouliza hivyo.

Wako watakaosema kwamba tunadharau imani ya wazee, ulozi uko kweli. Wengine watasema ni ujinga tu, utakwisha wenyewe. Hatutaki kubishana na hawa wala wale. Mtu anayechomwa moto, huyo yuko kweli. Mwezi wa Septemba 2021, katika Kivu ya Kusini, wanawake 8 waliuawa kwa kusingiziwa uchawi, na Kivu ile inapakana na Kabambare.

Sheria iko. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inatia adhabu. Lakini hizo ni za watoto. Kwa mama mzee kunabaki vifungu vya kanuni ya adhabu vinavyokataza majaribio kama ya kunywesha mwavi. Asiyenyweshwa kitu, akafukuzwa tu kwa maneno, nani atamwandikia?

Basi vijana wetu wanaotafuta memware wakae kijijini muda mrefu, wasikie kesi tangu ugomvi wa kwanza, waandike nani alimtaja nani na kwa faida gani, bila kutoa majina. Waandike kwa maneno yetu. Na kopi moja ibaki hapa Kasongo, ili shefu na hakimu waisome mbele ya kumwita mfumu mwingine.