Kosa la Usajili Lisifute Deni

Kila nifundishapo sheria za biashara, wanafunzi huniuliza: je, kampuni ya kigeni ambayo haikujiandikisha yaweza kwenda kortini kumdai aliyevunja mkataba? Wengi wao hujijibu upesi kwamba haiwezi, kwani mvunja sheria hastahili kuikimbilia sheria hiyo hiyo. Kwa maoni yangu, jibu hilo ni la pupa.

Natutazame kisa cha Marekani, ambako majimbo huzitaka kampuni za majimbo mengine zijisajili kabla ya kufanya biashara humo. Mnamo 1971 kampuni ya Allenberg Cotton ya Memphis, jimboni Tennessee, iliafikiana na mkulima wa Mississippi kwamba angeiuzia pamba ya msimu uliokuwa ukija. Baadaye mkulima alikataa kuitoa, nayo kampuni ikamshtaki. Mahakama ya juu ya Mississippi iliifungia mlango kwa kuwa haikuwa imesajiliwa jimboni humo. Mwaka wa 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitangua uamuzi huo, ikashikilia kwamba biashara ile ilikuwa baina ya majimbo, na kwamba Mississippi haikuwa na uwezo wa kuizuia namna hiyo. Jaji William Rehnquist peke yake ndiye aliyepinga.

Sisemi kwamba usajili ni upuzi. La hasha! Kampuni isiyosajiliwa ni vigumu kuipelekea hati za mashtaka inapomdhulumu raia. Ndiyo maana hata Sheria ya Makampuni ya Kenya ya 2015 huikataza kampuni ya kigeni kufanya biashara nchini kabla ya kusajiliwa.

Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Aliyekosewa kwa kutosajili ni umma; basi faini na ilipwe serikali. Kulifuta deni ni kumtunuku mdaiwa ambaye hakudhuriwa na kosa hilo, na ambaye huenda akalikumbuka siku ya kulipa tu! Majimbo mengi ya Marekani yameliona hilo: kesi husimamishwa hadi kampuni ijisajili na kulipa inayodaiwa, kisha huendelea. Mkataba haubatiliki.

Walimu wenzangu, tuwafunze vijana wetu kutenganisha makosa haya mawili. Ahadi ni deni, hata kama uliyemwahidi hana cheti.