Bei ya Mnunuzi, Haki ya Mpangaji

Nianze na ninachokidai, ili tusizungushane. Tamthilia ya kupakua kwenye simu isiuzwe kwa bei ya tamthilia iliyo ndani ya diski. Ikiuzwa bei moja, aliyepakua kaibiwa, tena kaibiwa kwa neno. Kaandikiwa "nunua" pahala palipostahiki "kodi".

Kwetu Pemba tofauti ya maneno haya mawili anaijua hata mtoto wa skuli, maana mikarafuu imetufundisha. Mtu hukodi mikarafuu kwa msimu mmoja, akachuma, akaanika, akauza, na msimu ukisha anamwachia mwenyewe shamba lake. Mwengine hununua shamba lenyewe, akaja akawarithisha wanawe. Wote wawili wametoa pesa na wote wawili wamechuma, lakini hakuna mwenye akili zake, si Wete si Mkoani, atakayemtoza mkodi wa msimu bei ya shamba zima. Akitokea, atachekwa barazani mpaka aone haya kupita njia. Sasa mbona jambo hilohilo likifanywa kwenye kioo cha simu tunaambiwa ndiyo maendeleo?

Hebu tuitazame hiyo bei ilikuwa ikilipia nini. Sidii ya filamu ilipotufikia ilikuwa imetoka safari. Imechapwa Dar es Salaam, imetiwa kasha lenye picha, na kuanzia mwaka 2013 ikabandikwa stempu ya kodi ya TRA. Ikapanda boti, ikashuka Mkoani, ikapakiwa gari hadi Chake, ikakaa kwenye duka la mtu anayelipa pango na umeme. Kila mkono ulioigusa ulikula kidogo. Ukilalamika bei, muuzaji alikuwa na la kukujibu.

Sisemi zama za sidii zilikuwa za haki tupu. Bongo Movie walitutesa kwa ile tabia ya kuikata hadithi moja vipande viwili, Sehemu ya Kwanza na Sehemu ya Pili, kila kipande na diski yake na bei yake. Tulinung'unika sana. Lakini vipande vyote viwili vilikuwa vyetu. Steven Kanumba kafariki Aprili 2012, na sidii zake bado zimo kwenye makabati ya watu. Hakuna kampuni iliyokuja kuzichukua usiku. Diski ikitoka kwangu ilikwenda kwa shemeji, kwa shemeji ikenda kwa jirani, ikarudi na mikwaruzo au isirudi kabisa. Ukitaka kuiuza uliiuza. Mnunuzi mmoja, na mtaa mzima umeangalia.

Faili halina kasha, halina boti, halina duka. Safari iliyobaki ni ile ya kulivuta hewani, na hiyo anailipia mnunuzi kwa bando lake. Tupige hesabu. Tuseme tamthilia ina episodi 24, kila moja megabaiti 400. Jumla ni megabaiti 9,600, karibu gigabaiti 10 za bando, na hapo mwenye tamthilia hajalipwa hata senti. Yaani nauli ya mzigo kahamishiwa mteja, kisha kaambiwa bei ya mzigo iko palepale. Nauli iliyookolewa kaila nani? Mteja hakuiona. Na waigizaji, kwa malalamiko yao tunayoyasikia kila siku, sidhani kama wameiona wao.

Na hicho alichokipata ni kitu gani? Hawezi kumuazima shemeji ila ampe simu nzima. Hawezi kukiuza. Mimi mwenyewe nililipia tamthilia kwenye huduma moja, jina nalihifadhi, nikaziangalia episodi kumi na kitu. Simu ikaharibika. Nilipopata nyengine nikaingia kwa namba ileile, nikaambiwa maudhui hayo hayapatikani katika eneo langu. Eneo langu ni Wete. Nililipa nikiwa Wete, na sijahama.

Usidhani haya ni ya kisiwani tu. Apple walipoanza kuuza episodi za televisheni kwenye iTunes, Oktoba 2005, kila moja waliiuza dola 1.99. Sizoni ya episodi 22 ukiinunua moja moja inafika dola 43.78, pesa ambayo mtu angeweza kununulia kasha zima la diski na ziada zake ndani. Mwaka 2007 Apple na NBC wakagombana juu ya bei hadi tamthilia za NBC zikaondolewa, zikarudi 2008. Wakubwa wakavutana, mtazamaji hakuulizwa. Desemba 2023 Sony wakawatangazia wateja wa PlayStation kwamba vipindi vya Discovery walivyokwisha kuvilipia vitafutwa kwenye maktaba zao. Watu wakapiga kelele, uamuzi ukasitishwa. Lakini fikiri: kuna muuza sidii gani Chake Chake aliyewahi kuwa na uwezo wa kutangaza kwamba keshokutwa atapita majumbani kukusanya alizouza?

Sheria za zamani zililijua hili. Mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani ilipelekewa kesi ya kitabu, riwaya iitwayo The Castaway. Wachapishaji, Bobbs-Merrill, walichapa ndani yake onyo kwamba ni marufuku kukiuza chini ya dola 1. Duka la Macy's likakiuza senti 89. Mahakama ikasema: ukishauza nakala yako, umeuza, hukmu yako juu ya bei yake imekwisha. Kanuni hiyo ndiyo inayolinda maduka ya vitabu vikuukuu na kuazimana huko Marekani. Faili likaja kuikwepa kwa ujanja mmoja tu, nao ni kusema kwamba hukuuziwa, umepewa ruhusa. Haya, kama ni ruhusa, basi itozwe bei ya ruhusa. California wameliona, na tangu Januari 2025 sheria yao inamzuia muuzaji kutumia neno "nunua" kwa bidhaa ya namna hii bila ya kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopewa ni leseni. Kwetu sisi neno linapita bure.

Najua kuna atakayeniuliza: na msanii ale nini? Ni swali la haki. Msanii alipwe, tena alipwe vizuri. Lakini anayemnyima msanii ni nani? Nenda kwa yule kijana mwenye kompyuta, mpe flashi, atakuingizia sizoni nzima kwa pesa kidogo, na senti moja haimfikii aliyeigiza. Ni wizi, na COSOZA ina haki ya kumkamata. Ila jiulize kwa nini foleni iko kwake. Bei yake ni ndogo, ndiyo, lakini pia anakupa kile ambacho duka halali limekataa kukuuzia: faili linalofunguka bila mtandao, linaloingia kwenye tivii ya ukumbini, linaloazimika. Mwizi kampita mwenye mali kwa uungwana wa biashara. Aibu hiyo ni ya mwenye mali, na hasara ni ya msanii.

Sisi wasomaji hili linatuhusu zaidi. Mwaka 2011 tulipata kitabu cha Kale ya Washairi wa Pemba, chenye tungo za Kamange na Sarahani, washairi waliozaliwa karne ya 19. Tungo zile zilitufikia kwa nakala za mkono na kwa vifua vya watu waliopokezana. Lau zingefungiwa ndani ya kifaa cha mtu mmoja na kufa nacho, leo tungekuwa na majina mawili tu. Tamthilia za leo ndizo hadithi ambazo wajukuu zetu watataka kujua tulizichekea na kuzililia vipi. Nani atawaonesha?

Kwa hiyo madai yangu ni machache. Anayekodisha aandike "kodi", ataje siku, na atoze bei ya kodi. Anayeuza auze kweli: faili lifunguke bila ya kuomba ruhusa, liazimike, lirithike, na bei yake ipunguzwe kile kilichokuwa kikiliwa na kasha, boti na duka. Na sizoni nzima isiwe bei sawa na episodi zake zikinunuliwa moja moja.

Mwenye shamba ana hiari yake, akodishe au auze. Kutukodisha kwa bei ya kuuza, hapana.