Uteuzi wa Mgombea Urais: Kura Inayopigwa Kabla ya Kura Yetu

Siku ya uchaguzi mwamini hupanga foleni akiamini kwamba anakwenda kumchagua Rais. Ni kweli, ila majina anayoyakuta kwenye karatasi ya kura yamekwisha kuchujwa kwingine, na watu wachache, katika vikao ambavyo wengi wetu hatuvifuatilii.

Ibara ya 39 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inamtaka mgombea urais awe mwanachama wa chama cha siasa, tena aliyependekezwa na chama hicho. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga sharti hilo mahakamani kwa miaka mingi, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilimpa haki. Sharti lingalipo. Chama basi ndicho mlango pekee wa kuingilia Ikulu, na yanayotendeka mlangoni hapo hayawezi kuitwa mambo ya ndani ya wanachama tu.

Tuitazame CCM. Mwaka 1995, huko Chimwaga, Dodoma, Jakaya Kikwete aliongoza duru ya kwanza. Katika duru ya pili Benjamin Mkapa akamshinda kwa kura 686 dhidi ya 639. Wajumbe waliingia ukumbini bila kujua nani atatoka mshindi. Mwaka 2015 makada 38 walirejesha fomu. Kamati Kuu ikabakiza 5, Halmashauri Kuu ya Taifa 3, na Mkutano Mkuu ukamteua John Magufuli. Edward Lowassa hakuwamo hata kati ya wale 5. Januari 2025, Mkutano Mkuu ulimpitisha Rais Samia Suluhu Hassan kwa azimio, miezi 9 kabla ya uchaguzi.

Upinzani nao haukutuonesha njia iliyo bora zaidi. Lowassa alijiunga na Chadema mwishoni mwa Julai 2015, na haikupita hata wiki mbili akawa mgombea wake. Wanachama wa kawaida walipata nafasi gani ya kumpima?

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Centesimus Annus wa mwaka 1991, anafundisha kwamba Kanisa linathamini demokrasia kwa kadiri inavyowashirikisha raia katika maamuzi ya kisiasa. Ushiriki unaosubiri majina yaletwe ni ushiriki uliopungua.

Sisi mapadre, Sheria ya Kanisa inatuzuia kushiriki kwa utendaji katika vyama. Waamini walei hawazuiliwi, na miongoni mwenu wamo wajumbe wa vikao hivyo. Bahasha inayopokelewa usiku wa kuamkia kikao ni rushwa, hata ikiitwa nauli, nayo ni suala la kitubio. Wajumbe hao hutokana na chaguzi za ndani ya chama, ambazo katika CCM hufanyika kila baada ya miaka 5. Za mwisho zilikuwa mwaka 2022.