Pima upepo wa matairi asubuhi, si mchana

Ndugu wakulima na wenye pikapu za kubeba viazi, mwezi Juni na Julai baridi ya Njombe na Makete ni kali. Wengi wetu hupima upepo mchana, tairi likiwa limeshapata moto barabarani. Fundi akiona kipimo kimepanda, anapunguza. Kwa maoni yangu, tabia hiyo tuiache.

Joto likishuka nyuzi 10, tairi hupoteza karibu PSI 2. Ukipunguza mchana, alfajiri upepo utakuwa pungufu. Tairi lenye upepo mdogo likibebeshwa mzigo hupata moto kupita kiasi, huliwa pembeni na linaweza kupasuka mteremkoni. Hapo hatupotezi viazi tu, tunapoteza watu.

Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Fuata kipimo kilichobandikwa kwenye mlango wa dereva, na kama umebeba mzigo fuata kile cha mzigo. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu, si kipimo cha kila siku. Tairi la akiba nalo lipime.

Geji ndogo ni rahisi kuliko tairi jipya. Wanakikundi changeni, mnunue moja.