Kiti kimoja, risiti mbili

Uko Kianjai, Januari, unarudi chuo Nairobi. Umelipia kiti. Unaingia matatu unakuta mtu amekikalia, naye ana risiti kama yako. Makanga anakwambia, "Songea kidogo, boss," ama ukalie sambaza, ule ubao wa katikati. Nauli haipungui hata bob.

Wenye meli za utalii pia huuza vyumba kupita walivyo navyo, wakijua kuna abiria watakaoghairi. Wasipoghairi wa kutosha, kampuni huwaandikia wengine mapema: achia chumba chako, tukurudishie pesa, pengine na safari ya bure baadaye. Una ruhusa ya kukataa.

Kwa ndege, mwanauchumi Mmarekani Julian Simon alipendekeza hivyo tangu 1968: kila abiria aandike kiasi cha chini atakachokubali, na wenye madau ya chini kabisa ndio wabaki. Aprili 2017, United Airlines ilikwama kwenye dola 800, ikaita walinzi, na David Dao akaburutwa nje ya ndege akivuja damu. Baadaye kampuni hiyo ilipandisha kikomo hadi dola 10,000.

Stejini kwetu dau ni sufuri. Na tusidanganyane, abiria wa 15 kwenye gari la watu 14 hana kiti wala mkanda. Hiyo ni tamaa tu.

Lakini makanga angeuliza, "Nani atangoje gari la saa nane nimrudishie mia tatu?" mimi ningeshuka mbio. Mwenye mtihani kesho asubuhi angebaki kwenye kiti chake.